Laini za Waliokwenda

"Sasa wewe ni nani?"

Swali hilo bado linalia sikioni mwa Godeberthe, pale pale tulipomwacha Jumamosi iliyopita: amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya udongo kambini Nakivale, Uganda, simu imemganda mkononi. Anayeuliza ni mwanamke, tena anapiga kutoka Mbarara, kwenye ofisi ya Kauli. Kauli ni ule mfumo wa simu unaowauliza watu wa kambi na vijiji vya jirani wanataka nini kifanyike kwao, nao wanajibu kwa kubonyeza namba.

"Naitwa Godeberthe."

"Hapana. Hii namba imeandikwa Mariette. Juzi nilipiga ya Régis, wewe ulishika. Jana nikapiga ya Anatole, wewe tena ulishika. Sauti moja, simu moja, na laini zote hizo zimepiga kura. Kwetu hiyo inaitwa wizi. Kesho asubuhi uko hapa na hiyo simu, ama naita polisi."

Simu ikakatika.

Godeberthe alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumwambia. Nyumba ya Mariette sasa ina familia iliyotoka Sudani, watu wema, lakini wanasalimiana naye kwa kupunga mkono tu kwa kuwa hawana lugha moja. Nyumba ya Anatole imeanguka ukuta mmoja. Kwa Régis na Larissa wamepanda muhogo hadi mlangoni.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa. Mwisho akaiambia sufuria, kwa Kiswahili chake cha kwao Burundi: "Bananiita mwizi."



Tukumbushane kidogo, kwa faida ya aliyelikosa gazeti. Kauli iliuliza jambo moja: soko jipya lijengwe wapi? Aliyetaka likae kando ya barabara ya Kabingo alibonyeza moja. Aliyetaka lipande kwenye kiwanja kilicho wazi mlimani alibonyeza mbili. Kosa la wenye Kauli lilikuwa hapo kwenye neno "wazi". Kiwanja kile ni makaburi ya Warundi waliokuja mwanzo. Na mume wa Godeberthe, Venuste, yuko humo.

*

Ofisi ya Kauli iko Mbarara, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na Godeberthe, ikaingia naye mlangoni.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Faizo, fundi wa kompyuta, alikuwa anakula muhogo wa kukaanga huku akitazama skrini. Natukunda, yule aliyepiga simu, alikuwa amesimama. Baba yake alikuwa askari, amekulia kambini mwa jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride, kifupi na kilichonyooka.

"Kaa, nyabo," akasema, kama wanavyomwita mama Mbarara. "Simu iko wapi?"

Godeberthe hakutoa simu. Alifungua kitenge chake, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimimina mezani. Kadi ndogo za simu zikatawanyika kama punje za mahindi. Kila moja ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda chenye jina.

Faizo alisahau kutafuna.

"Banange! Huyu si mtu, huyu ni kampuni ya simu!"

"Faizo, nyamaza." Natukunda aliokota kadi moja, akaigeuza. "Hizi umeiba wapi?"

"Sikuiba, binti yangu. Baliniachia."

"Nani alikuachia?"

"Benyewe. Bale balioenda."

"Walienda wapi?"

"Mariette iko Ositralia. Anatole, Kanada. Régis na muke wake Larissa, nabo Kanada, fasi ingine ya mbali, hawaonane na Anatole. Huyu Irakiza… huyu hata sijue ni inchi gani, wanasema kuna barafu."

Natukunda alivuta kiti, akakaa. Hakuwa amekubali. Alikuwa amechoka kusimama tu.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu asiyewahi kuishi kambini hawezi kulielewa jambo hili. Familia ikiitwa kwenda ng'ambo, kitanda kinauzwa, jembe linapewa jirani, kuku wanachinjwa. Laini ya simu haiuzwi. Kule Burundi, Muyinga au Kirundo, kuna mama mzee anayeijua namba moja tu, na siku akifiwa au akiugua, ni hiyo atakayoipiga. Basi laini anaachiwa anayebaki. Naye akiiacha bila kutumika muda mrefu, wenye mtandao wanaiua.

Godeberthe alikuwa anayebaki. Kila aliyeondoka alimpa kadi yake, akamkumbatia, akapanda basi. Na yeye kila siku alitia kadi ya mtu mmoja kwenye simu, akaiamsha, akashinda nayo kutwa. Ikilia, alisema maneno yale yale: "Mwenyewe alienda. Niko namujibia. Niambie, nitamufikishia." Akasikiliza habari za mavuno na za misiba ya watu asiowajua, akazituma ng'ambo, akarudi kutuma salamu.

"Sawa," Natukunda akasema. "Kushika simu ya mwenzako, nimeelewa. Lakini kura?"

"Mesaji ilikuja. Ilisema: Ndugu Mariette, soko lijengwe wapi? Sasa Mariette anaulizwa, mi ninyamaze? Nilimujibia."

Faizo alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akarudi kwenye muhogo wake.

"Nyabo, sikiliza. Hao watu hawako Nakivale. Hawatanunua nyanya kwa hiyo soko. Kauli ni ya watu wenye kuishi pale."

"Benyewe hawako, ni kweli. Lakini batoto babo bako."

"Wako wapi?"

"Mlimani." Godeberthe alionyesha chini, sakafuni. "Ndani."

Natukunda alimgeukia Faizo. Faizo alifuta mikono kwenye suruali, akafungua ramani. Kilima kilikuwepo. Juu yake palikuwa na mraba wa kijani uliokuwa safi kabisa.

"Ramani haioni kitu," Faizo akasema. "Kaburi iko na msalaba, si ndiyo? Hapa hakuna."

"Misalaba ilikuwa ya miti. Mchwa ilikula yote, hata ya bwana yangu."

Macho ya Natukunda yakawa madogo. Mtu anayekamata wezi wa kura hukaa akisubiri kitu kimoja tu, sababu ya mwizi. Sasa aliona ameipata.

"Kumbe. Bwana yako amelala pale. Kwa hiyo ukachukua laini za watu, ukabonyeza moja, moja, moja, ili soko iende barabarani. Ndiyo ama si ndiyo?"

"Si ndiyo."

"Faizo, soma."

Faizo akasoma. "Mariette, moja. Irakiza, moja. Régis…" Akasita. "Régis, mbili. Larissa, moja. Anatole, mbili."

"Rudia."

"Anatole, mbili. Madamu, huyu mama amepiga kura ya kujipinga mwenyewe."

Natukunda aliinamia skrini kana kwamba skrini ndiyo inayomdanganya. "Ulibonyeza vibaya?"

"Hapana. Anatole alikuwa anauza viazi pale barabarani. Mvua ikinyesha, maji inaingia mu viazi, anatukana mpaka jioni. Kila siku anasema, soko ipande mlima, ipande mlima. Yeye hana mutu mule ndani. Angekuwa hapa angesema mbili. Nikasema mbili."

"Na Régis?"

"Régis anafuata Anatole. Larissa anapinga Régis, hata kwa chumvi ya supu. Basi yeye ni moja."

"Lakini bwana yako iko pale!"

"Aliulizwa Anatole," Godeberthe akasema polepole. "Hawakuniuliza mimi."

Chini, dukani, mtu alikuwa anabishana na muuzaji kuhusu chanjo ya ndama. 

Natukunda aliuliza tena, na safari hii sauti ya gwaride ilikuwa imepungua.

"Na laini yako wewe? Ilibonyeza ngapi? Sioni Godeberthe hapa."

"Yangu ilikufa."

"Ilikufa namna gani? Si wewe unaamsha laini za dunia nzima?"

"Telefone yangu iko na tundu moja ya kadi. Kila asubuhi nilikuwa najiuliza, leo niweke ya nani? Naweka ya ule anaweza kupigiwa." Alianza kuzirudisha kadi kwenye kopo, moja moja. "Yangu hakuna mutu alikuwa anaipiga."

*

Sheria ya Kauli ni kwamba asiyekaa pale hana kura. Natukunda hakuitunga yeye, na aliifuata. Kura za waliokwenda zilifutwa zote mbele ya macho ya Godeberthe. Jina la Mariette liligeuka la kijivu, likatoweka. La Irakiza likafuata. Namba mbili, iliyokuwa inaongoza kwa shida, ikaongoza zaidi. Soko lilikuwa linapanda mlima.

"Polisi sitaita," Natukunda akasema. "Wewe si mwizi. Wewe… mimi sijui wewe ni nini. Lakini leo jioni saa kumi na moja tunafunga, na mambo yatabaki hivyo."

"Halafu?"

"Halafu trakta."

Godeberthe aliitikia kwa kichwa, akafunga kopo, akasimama. Hakulia. Alitaka tu kujua kama kuna gari la kurudi kambini kabla ya mvua.

"Madamu," Faizo akasema. "Na pingamizi?"

"Hana laini. Pingamizi inataka laini ya mtu wa pale, yenye jina yake."

"Laini wanauza hapo chini ng'ambo ya barabara. Kadi ya ukimbizi si anayo?"

Msomaji, nakwambia ukweli: kama Faizo angekuwa amemaliza muhogo wake na kuondoka, hadithi hii ingekwisha hapa.

Walikwenda, wakarudi. Godeberthe aliweka kidole chake kwenye mashine ya wakala, akapigwa picha, akapewa namba asiyoijua. Alipoitia kadi kwenye simu, skrini ilikuwa tupu. Hakukuwa na jina hata moja ndani.

Faizo akamweleza taratibu. "Unasema dakika moja tu. Sisi tunatuma sauti yako kwa kila mwenye kupiga kura. Mwisho mashine inawauliza: unajua hayo maneno ni kweli? Kweli ni moja. Uongo ni mbili. Mwenye swali anabonyeza tatu, simu yako inalia, anakuuliza mwenyewe. Moja zikizidi mbili, soko inasimama na watu wanaulizwa upya. Zikikosa kuzidi, basi."

"Na batu bote basikie sauti yangu?"

"Bote. Mpaka vijiji vya Rugaaga."

Akawasha. Godeberthe aliisogeza simu mdomoni.

"Mwenyewe alienda, niko namu—"

"Hapana, hapana. Hakuna mwenyewe mwingine. Sema jina yako."

Akawasha tena. Safari hii hakikutoka kitu.  Miaka na miaka alikuwa amesema maneno ya watu, na yalitoka bila shida kwa sababu yalikuwa ya watu. Sasa alitafuta yake, akakuta hayupo aliyewahi kumwomba.

"Siwezi kusema na batu bote," akanong'ona.

Natukunda alikiburuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Basi sema na mimi. Mimi ndiyo nauliza. Mama Godeberthe, kuna nini kwa ule mlima?"

Hivi ndivyo alivyosema, na hivi ndivyo walivyomsikia watu, wenye kupalilia maharage, wenye kupanga foleni ya maji, wenye kukamua:

"Naitwa Godeberthe. Kale kiwanja munaambiwa kako wazi, hakako wazi. Mutoto wa Mariette yuko pale, alikuwa hajamaliza hata wiki. Mama ya Irakiza yuko pale. Bwana yangu Venuste yuko pale. Sikumuzika mimi. Ilikuwa wakati wa korona, mimi nilikuwa nimelazwa huku Mbarara, njia zilikuwa zimefungwa. Niliporudi wakanionyesha udongo. Nilikaa nao, huo udongo, ndiyo ninaongea nao. Wengine wote wenye watu wao pale walienda mbali, nimebaki mimi wa kupalilia. Sikatae soko. Hata mimi nakula nyanya. Lakini musiliweke juu yabo. Ni hivyo tu."

Faizo akazima. Alijikohoza, akasema mashine yake ina vumbi.

*

Saa tisa ilipita bila kitu. Mvua ikaja, ikaondoka.

Saa kumi, kura zikaanza kuingia. Moja. Mbili. Mbili. Moja, moja. Walioijua habari ya makaburi walikuwa wachache. Wengi walikuja Nakivale baadaye. Waliotaka soko lipande mlimani walibonyeza mbili, uongo, bila hata kusikiliza mpaka mwisho.

"Zinafukuzana," Faizo akasema. "Mbili iko mbele… Sasa moja… Mbili tena."

Godeberthe hakutazama skrini. Alitazama simu yake juu ya meza. Ilikuwa ajabu kuiona imenyamaza namna ile, bila mama wa mtu yeyote ndani yake.

Natukunda alimletea chai. "Kunywa, maama. Ukikosa hapa, nitakwenda na wewe mpaka pale mlimani tuseme na wenye trakta."

"Utakuja Nakivale?"

"Nitakuja."

"Utalala? Niko na kitanda. Niko na kitanda tatu."

Natukunda hakupata wakati wa kujibu. Dakika zilikuwa zimeisha karibu zote, Faizo alikuwa amesimama sasa, kidole kikiwa juu ya skrini.

"Zimelingana," akasema. "Sawa kwa sawa. Na kuna mmoja bado amesikiliza, hajabonyeza kweli wala uongo. Iko kwa laini… Ngoja. Amebonyeza tatu."

Juu ya meza, simu ikalia.

Namba mpya ya Godeberthe ilikuwa inapigiwa kwa mara ya kwanza. Aliishika kwa mikono miwili, na kwa mazoea ya miaka akasema, "Mwenyewe hayuko, alie—"

Akajizuia. Natukunda alikuwa anamtazama.

"Allô. Ni mimi. Ni Godeberthe."

"Jambo, mama." Sauti ilikuwa ya mzee, nzito, ya mtu asiyezoea kuomba ruhusa lakini leo anaiomba. Faizo aliongeza sauti ili wote wasikie. "Mimi iko naitwa Naboth. Zamani nilikuwa jeshi. Sasa nalima tu, hapa Rugaaga. Nimesikia maneno yako. Nimesikia mara mbili."

"Asante, baba."

"Usiniambie asante. Mashine inaniuliza, hii maneno ni kweli ama uongo? Mimi sipendi kubonyeza kitu sijui. Lakini hii, mama, mimi najua. Wakati ya korona walituma sisi kusaidia kuchimba kwa ule mlima. Kwa hiyo ile kaburi, ndiyo, ziko. Mtoto mdogo, nakumbuka. Mama mzee, nakumbuka. Wote hao ni kweli."

Faizo alikunja ngumi kwa furaha. Natukunda alimwekea Godeberthe mkono begani.

"Basi baba, bonyeza moja," Godeberthe akasema.

"Bado, mama. Ngoja."

Mzee alipumua. Nyuma yake ng'ombe alilia, mlango ukafungwa, kana kwamba amejitenga na watu wa nyumbani kwake.

"Huyo Venuste. Sanduku yake, mimi nilishika kona ya mbele. Mtu mzima, mrefu, walituambia. Ilikuwa nyepesi. Tukateleza pale kwa matope, ikaanguka, mfuniko ikafunguka. Mama, ilikuwa mawe machache na blanketi. Afande alisema tufunge, tuzike, tunyamaze. Tulizika. Nimenyamaza mpaka leo, kwa sababu sikujua ni nani nimwambie. Bwana yako hakuwa ndani. Mimi sijawahi kuona maiti yake, na wenzangu hawajaona."

Chai ilikuwa imemwagika mezani. Hakuna aliyeifuta.

"Bado dakika moja," Faizo akanong'ona.

"Mama? Uko pale?" Mzee aliuliza kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyokuwa na uhakika kama ina mtu. "Simu yangu inaniambia nichague. Wale wengine ni kweli. Bwana yako si kweli. Na mimi niko na kidole moja tu. Basi nakuuliza wewe mwenyewe, mama Godeberthe. Nibonyeze ngapi?"